Jinsi ya Kusherehekea Asili ya Kiayalandi Bila Kuishia Kwenye Kofia ya Plastiki

Wengi wenye babu au bibi aliyetoka Ayalandi huukumbuka ukoo wao mara moja kwa mwaka, tarehe 17 Machi, kwa fulana ya kijani na bia iliyotiwa rangi. Kalenda ya Waayalandi ina siku nyingine, na kila moja ina chakula chake na kazi yake ya mikono. Ushauri wetu ni huu: chagua siku mbili au tatu, uziandae vizuri. Ukirundika kila kitu kwenye meza moja ya Machi, hakuna kitakachoonja kama inavyotakiwa.

Tarehe 1 Februari ni ya Mtakatifu Brigid. Tangu 2023 ina sikukuu yake ya umma, Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 ikiangukia Ijumaa. Hapo mapumziko huwa Ijumaa hiyo. Tarehe 17 Machi ni ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya umma tangu 1903. Usiku wa 31 Oktoba ni Samhain, sikukuu ya kale ya mwisho wa mavuno, chimbuko la Halloween. Krismasi huanza na mshumaa dirishani jioni ya tarehe 24 Desemba na kufungwa tarehe 6 Januari, Krismasi ya Wanawake, siku ambayo wanaume hushika jiko na wanawake hutoka kutembeleana. Hiyo ya mwisho haina haja ya maelekezo. Inahitaji wanaume wa kuosha vyombo tu.

Februari: msalaba wa Brigid

Msalaba huu husukwa jioni ya 31 Januari, hutundikwa juu ya mlango kwa ndani, na hukaa hapo hadi mwaka unaofuata. Unasukwa kwa nyasi za kinamasi zenye shina la duara, laini, lisilo na vifundo. Kwa desturi nyasi hizo hung'olewa kwa mkono, hazikatwi kwa kisu. Tafuta 17 zenye urefu wa sentimita 30 au zaidi na unene unaolingana. Zikiwa zimeanza kukauka, ziloweke kwenye maji kwa saa kadhaa na uzifute, la sivyo zitavunjika pale unapozikunja. Watoto wadogo wanaweza kujifunzia kwa mirija ya karatasi.

1. Shika unyasi mmoja ukiwa wima. Huu ndio uti wa mgongo.
2. Kunja wa pili katikati, uuzungushie ule wa kwanza kwenye kitovu chake, ncha zote mbili zielekee kulia.
3. Bana kitovu kwa kidole gumba, kisha geuza kazi yote robo mzunguko kinyume cha mwendo wa saa. Ncha zilizokuwa kulia sasa zinatazama juu.
4. Kunja wa tatu, uupitishe juu ya zile ncha zinazotazama juu, ncha zake zielekee kulia. Uvute ukaribie kitovu kabisa.
5. Geuza robo tena, ongeza mwingine, na uendelee hadi zimalizike. Kila mkono utapata minne.
6. Funga ncha za kila mkono kwa uzi, kisha zisawazishe kwa mkasi.

Kinachoharibu kazi hii ni mambo mawili. La kwanza ni kulegeza kidole gumba wakati wa kugeuza. Kitovu kikishalegea mara moja, mraba wa katikati hautakaa sawa tena, ni bora ufumue uanze upya. La pili ni kugeuza upande usio sahihi katikati ya kazi. Ukiona unyasi mpya haufuniki ule uliotangulia, umegeuza vibaya: rudi hatua moja. Baada ya wiki chache msalaba hubadilika kutoka kijani hadi kahawia na kusinyaa, hivyo nyuzi za mwisho zitalegea. Zikaze tu.

Usiku huohuo huwekwa nje kitambaa au skafu, kwenye kichaka au dirishani, ili Brigid akibariki anapopita. Asubuhi huingizwa ndani na kuhifadhiwa. Zamani kilifungwa kichwani kutuliza maumivu.

Machi: mkate kwanza

Mkate wa soda ndio chakula chepesi kuandaa na chepesi kuharibu. Ulienea Ayalandi katika karne ya 19 kwa sababu za msingi kabisa: ngano ya nchi ile yenye mvua ni laini, ina gluteni kidogo, na haiumuki vizuri kwa hamira. Bekingi soda na mtindi vilitatua tatizo hilo. Kwa hiyo usitumie unga mgumu wa mikate. Tumia unga wa kawaida, ule wa keki.

Unahitaji unga gramu 450, kijiko cha chai kimoja cha bekingi soda, kimoja cha chumvi (vyote vya kusawazisha, si vya kurundika), na mtindi mwepesi mililita 350 hadi 400. Basi. Ukiongeza mayai, sukari na zabibu unapata mkate mtamu unaopendwa sana Marekani, lakini si huu wa kula na supu na siagi. Ukikosa mtindi, tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau kwenye maziwa mililita 350, uache dakika kumi yagande kidogo.

Washa oveni nyuzi 230 kabla hujagusa unga. Soda ikikutana na asidi ya mtindi hutoa gesi papo hapo, na gesi hiyo haikungoji uanze kutafuta kiberiti. Chekecha unga, soda na chumvi pamoja, maana donge moja la soda litaacha doa la manjano lenye ladha ya sabuni. Fanya shimo katikati, mimina mtindi karibu wote, kisha panua vidole vigumu kama ukucha na uzungushe kutoka katikati kwenda nje. Donge likishikana, acha. Usikande. Kukanda huamsha gluteni na kukupa mkate mzito. Ligeuze kwenye ubao wenye unga, lipapase liwe duara lenye unene wa sentimita nne, na ulikate msalaba kwa kisu kikali hadi karibu nusu ya kina. Msalaba huruhusu joto kufika katikati, ambako ndiko mkate huu hubaki mbichi. Wapishi wa zamani huchoma pia kila robo kwa ncha ya kisu, eti majini ya mkate yatoke. Haina gharama, choma.

Oka dakika 15 kwa nyuzi 230, punguza hadi 200, endelea dakika 30. Gonga chini: ukisikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Ukitaka ganda laini, ufunge kwa kitambaa safi ukiwa bado moto. Uliwe siku hiyohiyo. Kesho yake unafaa kuchomwa tu.

Kuhusu nyama, wengi hutafuta kidari cha ng'ombe kilichotiwa chumvi. Hicho ni chakula cha Waayalandi wa Marekani. Wahamiaji waliofika New York walikuta ng'ombe ni rahisi kuliko nguruwe, wakanunua kidari kwenye mabucha ya Wayahudi na kukipika na kabichi. Kama ukoo wako ulipitia huko, ni haki yako kabisa kukipika. Nyumbani Ayalandi mezani huwa nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Kipande cha kilo 1.5 kiloweke usiku kucha, au kichemshe mara moja umwage yale maji; ukiruka hatua hii chakula chote kitakuwa chumvi tupu. Kisha chemsha kwa moto mdogo, dakika 20 hadi 25 kwa kila gramu 450. Kabichi iingie kwenye maji hayohayo dakika kumi za mwisho, si kabla, maana ikikaa saa nzima inanuka na kugeuka uji. Pembeni weka viazi vilivyochemshwa na maganda, na sosi nyeupe ya siagi gramu 30, unga gramu 30, maziwa mililita 400 na pasli iliyokatwakatwa. Wageni wasiokula nguruwe wapikie mchuzi wa kondoo, viazi na vitunguu, saa mbili kwa moto mdogo.

Mavazi

Vazi la lazima ni moja: tawi dogo la shamroki kifuani, upande wa kushoto. Shamroki ina majani matatu, ambayo kwa mujibu wa simulizi Patrick aliyatumia kueleza Utatu Mtakatifu. Majani manne ni ya bahati, hayahusiani naye, na kadi nyingi za madukani hukosea hapo. Tawi hunyauka haraka, kwa hiyo viringishia pamba yenye unyevu kwenye shina, funika kwa karatasi ya foili, kisha ubane kwa pini.

Kijani si sharti. Nishani ya Mtakatifu Patrick iliyoanzishwa 1783 ilikuwa na rangi ya buluu, kwa hiyo aliyevaa buluu hajakosea. Sweta nyeupe ya sufu kutoka visiwa vya Aran inapendeza, ila usilipe zaidi kwa madai kwamba mshono fulani ni wa ukoo wako. Ufumaji huo ulishamiri mwanzoni mwa karne ya 20, na mishono ya koo ni hadithi ya wauzaji. Ifue kwa maji baridi na uikaushe ikiwa imelazwa. Ukiitundika inavutika hadi magotini. Pete ya Claddagh, yenye mikono miwili iliyoshika moyo wenye taji, asili yake Galway, magharibi mwa Ayalandi, ina lugha yake: mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kwenye kucha, maana yake hujapata mtu, ikielekea kwako, moyo umeshachukuliwa. Mkono wa kushoto ni wa wachumba na wanandoa.

Bendera ikague kabla ya kuitundika. Kijani kiwe upande wa mlingoti, kisha nyeupe, kisha rangi ya chungwa. Ukigeuza, umetundika bendera ya Kodivaa.

Ndevu nyekundu za bandia na kofia ya kibeti ziache. Waayalandi wengi huona ni dhihaka. Vivyo hivyo usiandike Patty kwenye kadi, kifupi ni Paddy. Na kinywaji kiitwacho Black and Tan usikitaje mbele ya wageni kutoka Ayalandi: jina hilo ni la kikosi kilichowatesa raia wakati wa vita vya uhuru, 1920 na 1921.

Oktoba: keki yenye ubashiri

Keki ya barmbrack huwekwa vitu ndani, na kila kipande hubashiri. Pete ni ndoa ndani ya mwaka, sarafu ni mali, kitambaa ni ufukara, njegere ni mwaka mwingine bila harusi. Funga kila kitu kwa karatasi ya kuokea, na waambie wote mezani kabla ya kukata, hasa wenye watoto. Njegere haionekani hadi imefika kooni.

Loweka gramu 350 za zabibu kavu mchanganyiko kwenye mililita 300 za chai kali iliyopoa, usiku kucha. Hatua hii haina njia ya mkato. Zabibu zisizoloweka hunyonya maji ya unga na keki hutoka kavu. Asubuhi ongeza, pamoja na chai iliyobaki, unga gramu 225 uliochanganywa na vijiko viwili vya chai vya bekingi poda, sukari ya kahawia gramu 150, yai moja na kijiko cha chai cha mdalasini na viungo vingine vya keki. Sukumia vitu vyako ndani, mbalimbali, kwenye kopo la mkate lililopakwa siagi. Oka nyuzi 170 kwa saa moja hadi saa moja na robo. Ikianza kuungua juu, ifunike kwa foili.

Siku hiyo huliwa pia kolkanoni. Chemsha kilo moja ya viazi vya unga na maganda yake, menya vikiwa moto, ponda kwa mkono. Mashine hugeuza wanga kuwa gundi. Maziwa mililita 200 yachemshwe na vitunguu vya majani, yaingie yakiwa moto, kisha sukuma wiki gramu 250 iliyochemshwa, kukamuliwa maji na kukatwa laini. Kwenye kila sahani chimba shimo katikati, jaza siagi, na kila tonge lichovywe humo kuanzia pembeni.

Keki usiikate siku uliyooka. Ikikaa siku moja ndani ya kopo lililofungwa unyevu husambaa na haimeguki. Kata vipande vya unene wa kidole, paka siagi, na ikifika siku ya nne, vichome kwanza.