Somo: Kufunga mzigo wa Durban ukitokea Nairobi

Ukitaja Afrika Kusini mwezi wa Julai, watu hukimbilia soko la Gikomba kutafuta makoti mazito. Kwa Johannesburg ni sawa, maana asubuhi kule baridi hukaribia kugandisha maji. Kwa Durban utalibeba koti hilo bure. Mji uko pwani ya Bahari ya Hindi, karibu latitudo ya 30 kusini, na mkondo wa Agulhas huleta maji ya uvuguvugu kutoka kaskazini. Cha kuhofia pale ni unyevu na upepo unaogeuka ghafla.

Hatua ya 1: Jua unaenda msimu gani

Desemba hadi Februari mchana hufika nyuzi 28 hivi na usiku 21, lakini kwa unyevu ule utahisi joto zaidi ya hapo. Mvua nyingi hunyesha Oktoba hadi Machi, mara nyingi kwa ngurumo za alasiri. Juni hadi Agosti mchana ni nyuzi 23 na usiku 11 hivi: usiku ni kama Julai yetu, ila mchana jua huwaka, hakuna lile wingu la kijivu la Nairobi. Wenye uhuru wa kuchagua tarehe waende Mei. Aprili isikudanganye kwamba mvua imekwisha. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal, jimbo la Durban. Tazama utabiri siku tatu kabla ya safari.

Hatua ya 2: Panga kwa ajili ya upepo

Hapa ndipo wageni hukosea. Majira ya baridi, upepo mkavu hushuka kutoka nyanda za juu za bara, na kadiri hewa inavyoshuka inabanwa na kupata moto. Siku ya Agosti inaweza kupita nyuzi 30. Kisha hewa baridi inafika, upepo unageuka kuwa wa kusini-magharibi, na joto linaanguka kwa nyuzi kumi au zaidi kwa muda mfupi. Aliyetoka hotelini na vesti anatetemeka ufukweni. Kwa hiyo jaketi jepesi la kuzuia upepo, lenye kofia, likae kwenye mkoba wa kila siku. Mwavuli uache nyumbani. Upepo ule unaupindua.

Hatua ya 3: Nguo za siku saba

Majira ya joto (Desemba hadi Februari): fulana sita nyepesi, kaptula au sketi tatu, suruali moja ya kitambaa chepesi, nguo za kuogelea pea mbili (moja ikikauka unavaa nyingine), kandambili na viatu vya kufunga. Jinzi moja inatosha, kwa sababu ikilowa haikauki kwa siku mbili na huanza kunuka. Majira ya baridi (Juni hadi Agosti): punguza fulana ziwe nne, ongeza sweta moja ya uzito wa kati na suruali ya pili. Kofia yenye ukingo mpana na losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 kwenda juu ni za misimu yote.

Hatua ya 4: Vya kubeba mkononi

Pasipoti, cheti cha homa ya manjano (sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla), jaketi na chaja. Ukibadilisha ndege Johannesburg, chukua begi lako hapo, pita forodha, kisha ulikabidhi tena, hata kama lebo imeandikwa Durban. Umeme ni volti 230, karibu sawa na wetu, lakini soketi nyingi zina matundu matatu makubwa ya duara. Adapta nyingi za "dunia nzima" hazina pini hizo. Nunua ya kule kule, dukani.

Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Juni jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, basi matembezi ya ufukweni yaanze mapema.

Maswali ya wanachama

*Habari mwalimu. Naenda Julai na watoto wawili. Bahari itaogeleka?*
Itaogeleka, dada. Maji huwa nyuzi 21 hivi, baridi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo wavalishe fulana za kuogelea zenye mikono. Waogelee kati ya bendera za waokoaji. Makundi ya sardini yanapopita, Juni na Julai, nyavu za kuzuia papa huondolewa kwa muda na kuogelea husimamishwa. Muulize mwokoaji kila asubuhi.

*Tutalala usiku mbili Drakensberg. Mzigo ni ule ule?*
Hapana, kaka. Majira ya baridi milima ile hupata theluji na usiku hushuka chini ya sifuri. Koti la Gikomba sasa lina kazi: ongeza glavu, kofia ya sufu na soksi nene.

*Nimeze dawa za malaria?*
Kwa Durban si lazima. Ukipanda kaskazini hadi karibu na mpaka wa Msumbiji, muone daktari kabla ya kuondoka.

*Nguo mbichi za kuogelea nizifunge kwenye karatasi za plastiki?*
Mifuko ya kubebea ya plastiki ni marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na ukirudi nayo utatakiwa kuiacha uwanja wa ndege wa JKIA. Tumia mfuko wa turubai usiopitisha maji, na uuache wazi ukifika chumbani. Ukikaa umefungwa usiku kucha, nguo hupata ukungu.