Wenye nyumba: bima ya moto haimlipi mgeni aliyeanguka uani

Wenzangu mnaopangisha vyumba hapa Tanga, hasa hizi nyumba zetu za Ngamiani zenye ua mmoja wa wote, fungueni hati ya bima leo mtafute neno moja: dhima, yaani wajibu wa kumlipa mtu aliyeumia kwako. Wengi tuna bima ya moto tu, na hiyo inalipa jengo likiungua. Mgeni wa mpangaji akikanyaga mfuniko wa karo uliopasuka akavunjika mguu, haimhusu. Atakayedaiwa matibabu na siku alizokosa kazi ni wewe mwenye nyumba.

Kinachobeba mzigo huo ni kipengele cha dhima kwa watu wengine. Ukikiona, usifurahi mapema. Angalia kiwango cha juu cha fidia kwa tukio moja na kwa mwaka mzima, uliza pia kama gharama za wakili zimo. Madhara ya makusudi hayalipwi. Televisheni na godoro la mpangaji navyo havimo, hivyo akate bima yake. Wakala awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Ajali ikitokea, majeruhi apelekwe hospitali kwanza. Piga picha, kisha iarifu kampuni kwa maandishi mapema. Jamani, msiseme "nitalipa kila kitu" kabla ya kuzungumza nao. Mikataba mingi inakataza kukiri kosa bila idhini yao, na huruma yako inaweza kukukosesha fidia.

Na ule mfuniko ubadilishe wiki hii. Ukijua ni mbovu ukauacha, unaipa kampuni hoja ya kukataa kulipa.