Kutuliza roho kwenye tamasha la bure jijini
Bure haimaanishi kila ajaye ataingia. Matamasha mengi hutaka ujiandikishe, na nafasi huisha upesi. Jiandikishe siku ileile tangazo linapotoka, kisha ufike dakika 40 kabla. Ukichelewa, kiti chako huenda akapewa aliye kwenye foleni.

Ukishakaa, zima simu kabisa. Kuiweka kimya hakutoshi: mtetemo mmoja mfukoni, na akili imesharudi kazini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, mara 10. Ukihisi kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, punguza. Halafu chagua ala moja, tuseme ngoma yenye sauti nzito, uifuate mpaka inyamaze. Mawazo yatatoroka tu. Yarudishe bila kujilaumu.

Usipange matukio mawili siku moja. Mbio za ukumbi hadi ukumbi hula utulivu wote.