Kurudi kwenye pikipiki baada ya ajali: chuma kwanza, mwili, halafu barabara

Ushauri wa kijiweni kwa mtu aliyeanguka na pikipiki ni mmoja tu: "Wewe panda, hofu itaisha yenyewe." Kwa aliyechubuka goti juzi, unaweza kumfaa. Kwa aliyekaa mwaka mzima na chuma kwenye mfupa wa paja, haumfai. Mikono yake imesahau kazi, na kichwa chake kinakumbuka ajali lakini hakijui iliyosababisha. Akiingia barabarani hivyo hivyo, kosa dogo la klachi tu litamfanya aone ajali inarudi, na jioni hofu itakuwa kubwa kuliko asubuhi.

Ujasiri hurudi mtu akishaona kwa macho yake kwamba pikipiki inasimama pale anapotaka isimame na kukunja pale anapotaka ikunje. Hilo lina utaratibu wake. Maelezo haya ni ya pikipiki za cc 100 hadi 150 zilizojaa mitaani kwetu, Boxer, TVS na wenzake, zisizo na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kukaza (kuacha kuzunguka) unapofunga breki.

Hofu nyingine iko kwenye chuma

Kabla hujajiita mwoga, hakikisha pikipiki yenyewe haijapinda. Wapo wanaohangaika na "hofu" miezi mitatu kumbe usukani una kasoro.

Isimamishe kwa stendi kubwa, mtu akandamize nyuma hadi gurudumu la mbele liinuke. Zungusha usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia kwa vidole viwili. Unatakiwa uende laini mwanzo hadi mwisho. Ukinasa kidogo ukifika katikati, beringi za usukani zimepata vijishimo kwa kishindo cha ajali. Pikipiki ya namna hiyo huyumba kwenye mwendo mdogo, na hakuna zoezi litakaloondoa wasiwasi mpaka zibadilishwe. Halafu shika shokapu za mbele kwa chini, vuta na kusukuma. Zikigonga, beringi zimelegea.

Sasa simama mbele yake. Kama gurudumu linaangalia mbele na usukani unaangalia pembeni, usikubali haraka kwamba shokapu zimepinda; mara nyingi zimejisokota tu pale zinapobanwa. Fundi alegeze bolti zinazozishika na nati ya ekseli, abane gurudumu katikati ya magoti, anyooshe usukani, kisha akaze upya. Bomba lenyewe likiwa limepinda, nunua jingine. Kulinyoosha kwa moto kunadhoofisha chuma, na hicho ndicho kinachobeba breki yako ya mbele.

Pedeli ya breki na sehemu za kuweka miguu nazo hupinda kimyakimya. Pedeli iliyopanda juu inakulazimisha kuinua mguu mzima ili ufunge breki, na hapo unapoteza muda ambao huna.

Kuna pia madhara ya kukaa tu. Petroli ya miezi mingi huacha gundi kwenye kabureta: fungua skrubu ya chini ya bakuli umwage, kisha jeti ndogo, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, isafishwe. Utajua imeziba kama injini inawaka kwa choki tu na inazima ukiachia akseleta. Kwa anayerudi hilo si jambo dogo, maana injini ikizima katikati ya kona ya mwendo wa miguu, pikipiki inalala. Badilisha oili hata kama haikutembea. Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2.5 hadi 3 katikati. Upepo uwe psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kiseme vingine. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya namna hiyo, hata ikiwa na meno mazuri, mpira wake umeshakuwa mgumu, na kwenye lami iliyolowa itakutia aibu.

Helmeti iliyogonga chini imemaliza kazi yake. Ile povu nyeupe ya ndani hubonyea mara moja na hairudi, hata kama nje hakuna ufa.

Mwili

Daktari aliyekutibu ndiye wa kusema mfupa umeunga. Akisharuhusu, jipime mwenyewe kwa mambo matatu, injini ikiwa imezimwa. Bana mkono wa klachi mara 50 mfululizo. Mkono ukianza kutetemeka kabla ya kumaliza, foleni ya nusu saa itakushinda. Simama kwa mguu wa kushoto peke yake sekunde 20, kwa sababu ndio unaokanyaga chini ukisimama huku wa kulia ukiwa kwenye breki. Geuza shingo uangalie nyuma ya bega bila kugeuza usukani. Kama bado unameza tramadol au dawa yoyote inayoleta usingizi, siku yako haijafika.

Ikiwa umepita mwezi na zaidi na bado unaota ajali, unashtuka kwa kila honi, au unazunguka mbali ili usipite ulipoangukia, nenda kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Ni tatizo linalotibika, na mazoezi ya uwanjani peke yake hayalimalizi.

Andika sekunde tano za mwisho

Chukua karatasi uandike mwendo, gia, macho yalikuwa yanatazama wapi, mkono gani ulibana nini. "Dereva alinikatia" ni kweli, polisi waandike hivyo, lakini karatasi hii ni yako wewe. Uchunguzi wa ajali za pikipiki takriban 900 uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba kwa kawaida mpanda pikipiki alikuwa na chini ya sekunde mbili za kujiokoa. Wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likakaza, na ya mbele hawakuitumia vya kutosha. Ndani ya sekunde mbili hakuna kufikiri. Mkono unafanya ulichozoea. Kwa hiyo karatasi ikisema "nyuma iliserereka", zoezi lako kuu ni breki. Ikisema "nilitanuka kwenye kona", zoezi lako ni macho na usukani.

Uwanjani

Tafuta sehemu ngumu iliyo wazi, mita 60 kwa 20 hivi: eneo la shule Jumapili asubuhi, au lami ya mtaa usio na magari. Beba chupa sita za maji zilizojazwa mchanga ziwe alama. Fanya dakika 40 kwa siku, si zaidi, kwa kuwa mikono iliyochoka inajifunza makosa. Kila zoezi ukimaliza, ipe hofu alama kutoka 0 hadi 10. Ikiwa 7 na kuendelea, rudi zoezi la nyuma. Ikishuka hadi 3, songa mbele.

Siku ya kwanza usiwashe injini. Isukume ukiwa upande wa kushoto, izungushe kulia na kushoto, panda na shuka, ilaze kidogo huku na huku hadi uone pale uzito unapoanza kukushinda. Halafu washa, weka gia ya kwanza, achia klachi bila akseleta mpaka ivute, ibane tena. Rudia hadi mkono ujue pa kusimama bila kufikiri.

Kinachofuata ni mwendo wa kobe: mita 20 kwa mstari ulionyooka, polepole kadiri unavyoweza, klachi nusu, akseleta kidogo isiyobadilika, breki ya mguu ikigusa kwa mbali. Breki ya mbele usiiguse hapa. Usukani ukiwa umekunja kwenye mwendo mdogo, kuibana kidogo tu kunailaza pikipiki. Ukishaweza, panga chupa mbili umbali wa mita 8 uzunguke kwa umbo la namba nane, kisha punguza hadi mita 6. Wanaoshindwa hapa karibu wote wanaangalia chupa. Pikipiki inafuata macho: geuza kidevu utazame unakotaka kutokea.

Sasa breki, na hapa ndipo utumie siku nyingi kuliko kwingine. Vijiweni husemwa kwamba breki ya mbele inarusha mtu, na aliyeanguka huliamini zaidi akaiacha kabisa. Anabaki na breki ya mguu, iliyo dhaifu zaidi kati ya hizo mbili, kwa sababu ukifunga breki uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linakaza, linaserereka. Ya mbele huleta balaa inapopigwa ghafla kabla uzito haujafika mbele, au usukani ukiwa umekunja, au juu ya mchanga. Ikibanwa kama unavyokamua chungwa, taratibu mwanzoni na kwa nguvu zaidi kadiri pua inavyoinama, ndiyo itakayokuokoa.

Fika kwenye chupa kwa kilomita 20 kwa saa, gia ya pili. Simama mara tano kwa breki ya nyuma peke yake, ukipima kwa hatua ulipoishia. Mara tano kwa ya mbele peke yake, kwa upole. Halafu mara kumi kwa zote mbili, macho yakitazama mbali. Ukitazama gurudumu, mikono itakakamaa. Zikitumika vizuri kwenye lami kavu, utasimama ndani ya mita 3 hivi. Kwa kilomita 30 ni mita 7, kwa 40 ni mita 12, kwa 60 ni kama 28. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Hapo bado hujaongeza sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa kilomita 40 inakula mita 11 nyingine.

Gurudumu la mbele likikaza, achia papo hapo kisha bana upya kwa upole. La nyuma likikaza ukiwa umenyooka, punguza mguu. Likiwa tayari limechomoka pembeni, usiachie ghafla, maana linashika tena na kukurusha. Shikilia hapo hapo, tazama mbele mpaka usimame. Usipande hadi kilomita 40 kabla ya kusimama mara kumi mfululizo kwa 30 bila gurudumu kutoa mlio.

La mwisho uwanjani ni kukwepa. Kwa kilomita 30, sukuma mkono wa kushoto wa usukani kwenda mbele: pikipiki inalalia kushoto. Sukuma wa kulia, inakwenda kulia. Wengi wamefanya hivi miaka yote bila kujua, na hofu ikiingia wanakakamaza mikono yote miwili, pikipiki inanyooka kuelekea kile kile wanachokiogopa. Breki na kukwepa visifanyike pamoja. Maliza kimoja ndipo uanze kingine.

Barabarani

Anza mtaani, asubuhi ya saa moja Jumapili, mzunguko wa kona za kushoto tupu. Kisha kona za kulia, ambazo zinakukatisha mbele ya wanaokuja. Kisha mzunguko wa barabara, yaani kipilefti, kisha barabara kuu. Mvua na usiku baadaye, na usivichanganye siku moja.

Mwenye hofu hukimbilia ukingoni kabisa mwa lami, na huko ndiko kubaya. Kuna mchanga, kuna watu wanaoshuka daladala, na magari yanakupita kwa kukubana kwa sababu yanaona umewapa nafasi. Kaa kwenye njia ya tairi za kushoto za magari, kama mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Ukisukumwa nje na lami ina ngazi, usirudi kwa kuambaa nayo. Tairi la mbele linang'ang'ania ukingo na kukuangusha. Punguza mwendo, tafuta pa kupata nafasi, panda kwa kuukata ukingo wenyewe.

Kwenye matuta, funga breki kabla na uiachie tairi la mbele likiwa linagusa, ukinyanyuka kidogo kwenye kiti, magoti yakiwa malegevu. Vituoni epuka katikati ya njia ambako oili hudondoka, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi isubiri ipige nusu saa, ioshe lami.

Mahali ulipoangukia pasiachwe milele, wala pasiwe pa kwanza. Nenda kwanza kwa miguu mchana, kaa dakika 20 utazame magari yanakotokea, pale kwenye kichaka au kibanda kinachoficha. Siku nyingine pita na pikipiki upande wa pili. Ukifika alama 3, pita upande ule ule, kwa mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona.

Abiria awe wa mwisho kabisa, hata kama mfuko unalia. Awe mtu mzima anayekufahamu, bila mzigo, upepo wa nyuma ukiwa psi 32. Kabla hujatoka naye, mrudishe uwanjani ufunge breki mara kumi kwa kilomita 20 na 30, kwa kuwa umbali uliouzoea umeongezeka, na breki ya nyuma, iliyokuwa nyepesi, sasa ina uzito wa kuifanya ishike.