Somo: Kugeuza na kubana sauti ya diski za filamu kwa ffmpeg

Wakuu habari zenu. Maswali ya kubana filamu ni mengi, na karibu yote yanahusu picha. Sauti inaachwa kama ilivyotoka kwenye diski, wakati mara nyingi ndiyo yenye mzigo usio wa lazima: filamu moja ina mikondo mitano sita ya sauti, lugha ambazo hutazisikiliza kamwe, na juu yake maelezo ya mwongozaji. Leo tunashughulika na sauti peke yake, tena kwa kuandika amri, hakuna kubofya.

Chombo chetu ni ffmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Inakubali Windows, Mac na Linux, na programu nyingi za kubofya huitumia hiyo hiyo chini kwa chini. Ukiiweka unapata na ndugu yake, ffprobe.

Somo linaanzia pale faili lilipo tayari kwenye kompyuta na linasomeka. ffmpeg haivunji kufuli la diski, na sheria za kunakili zinatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo huko siendi.

Hatua ya 1: Tazama kilichomo

ffprobe -hide_banner filamu.mkv

Tafuta mistari yenye neno Audio. Kila mmoja unakupa lugha, kodeki, yaani namna sauti ilivyosimbwa (ac3, dts, truehd, pcm), idadi ya chaneli na kasi ya biti kwa sekunde. Mkondo wa kwanza wa sauti unaitwa 0:a:0, wa pili 0:a:1, na kuendelea. Hesabu inaanzia sifuri. Wengi hujikwaa hapo.

Wenye DVD mtakuta filamu imekatwa vipande vya VOB vya karibu GB 1 kila kimoja. VTS_01_0.VOB ni menyu, iache. Sauti nyingine huchelewa kuanza ndani ya faili, kwa hiyo ilazimishe programu isome mbali zaidi kabla ya kuamua kilichomo:

ffmpeg -analyzeduration 100M -probesize 100M -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB|VTS_01_3.VOB" -map 0:a:0 -c:a copy sauti.ac3

Hapo umeitoa sauti nzima bila kuigusa ubora.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kubana

Kasi kwa kilobiti, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti; gawanya tena kwa 1,000 upate MB. Filamu ya saa mbili ni sekunde 7,200. DTS ya 1,509 inakula karibu MB 1,358. AC-3 ya 448, ambayo ndiyo kikomo cha DVD, inakula MB 403. AC-3 ya stereo ya 192 ni MB 173 tu.

Msimamo wangu ni huu: AC-3 ya DVD iache. Imekwisha kubanwa mara moja, na kila ukibana tena unapoteza kitu kingine kwa faida ya megabaiti chache. Wa kushughulikiwa ni DTS nzito, TrueHD, na PCM isiyobanwa kabisa.

Hatua ya 3: Punguza bila kubana

Hii ndiyo hatua wanayoiruka watu, nayo peke yake mara nyingi inatosha:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v -map 0:a:0 -map '0:s?' -c copy nyepesi.mkv

Umebaki na picha, sauti moja na maandishi ya tafsiri kama yapo. Neno copy maana yake hakuna kinachosimbwa upya, kwa hiyo kazi inakwisha kwa kasi ya diski yako. Alama za kunukuu kwenye 0:s? ziwekeni, maana kwenye Mac terminali huidhania alama ya kuuliza ni jina la faili na kugoma. Kwenye cmd ya Windows, ziondoeni kabisa.

Kama sauti ni DTS-HD MA, ile DTS nzito isiyopoteza kitu, ndani yake kuna kiini cha DTS ya kawaida. Unaweza kukichomoa bila kusimba:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v -map 0:a:0 -c copy -bsf:a dca_core kiini.mkv

Hatua ya 4: Sasa geuza

Anza na kipande cha dakika mbili, usiingie filamu nzima kichwakichwa. Chagua sehemu yenye maongezi na fujo pamoja:

ffmpeg -ss 00:40:00 -t 120 -i filamu.mkv -map 0:a:0 -c:a aac -b:a 384k jaribio.m4a

Sikiliza kwa vifaa utakavyotumia kweli. Ukiridhika, chagua kodeki kulingana na mahali faili litakapochezwa:

FLAC haipotezi hata biti moja ya sauti. Inafaa kwa PCM na TrueHD. Kugeuza AC-3 kuwa FLAC ni kujiongezea uzito bure. Kilichokwisha kutupwa hakirudi.

AC-3 ya 640k ni ya wenye amplifaya za zamani za sinema ya nyumbani. Zinaielewa bila maneno.

AAC ya 384k kwa chaneli sita, au 160k kwa stereo, inachezwa karibu na kila simu na televisheni.

Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, ndiyo ninayoipenda. Kwa 256k chaneli sita zinasikika safi, na filamu ya saa mbili inatoka na MB 230 za sauti. Ila ina kituko kimoja: mpangilio wa spika unaoitwa 5.1(side), ambao ndio wa diski nyingi, inaukataa kwa kosa la "Invalid channel layout". Dawa yake:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v -map 0:a:0 -map '0:s?' -c copy -c:a libopus -b:a 256k -af aformat=channel_layouts=5.1 tayari.mkv

Hatua ya 5: Chaneli sita kuwa mbili

Njia fupi ni kuongeza -ac 2. Inafanya kazi, lakini maongezi hutoka hafifu, kwa sababu kwenye sauti ya sinema maneno ya waigizaji hukaa karibu yote kwenye spika ya kati, na programu huishusha ili mchanganyiko usipasuke. Ukiwa na spika za kompyuta au simu, panga mwenyewe kwa kuweka hii mahali pa -ac 2:

-af "pan=stereo|FL=0.5*FC+0.3*FL+0.2*SL|FR=0.5*FC+0.3*FR+0.2*SR"

FC ni spika ya kati, na nimeipa nusu nzima. Namba za kila upande zinajumlika kuwa 1, kwa hiyo sauti haiwezi kupasuka. Chaneli ya besi nimeiacha nje makusudi. Kama ffprobe inasema 5.1 bila neno side, andika BL na BR badala ya SL na SR, la sivyo spika za nyuma zitakosekana kwenye mchanganyiko.

Wenye folda zima la mafaili, kwenye Mac na Linux:

mkdir tayari
for f in *.mkv; do ffmpeg -i "$f" -map 0:v -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -ac 2 -b:a 160k "tayari/$f"; done

Kabla ya kuiachia ikimbie usiku, hakikisha 0:a:0 ni lugha ile ile kwenye mafaili yote. Mara nyingi siyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Nina AC-3 ya 192. Nikiigeuza kuwa 640 ubora utapanda?

Jibu: Hapana ndugu. Faili litanenepa zaidi ya mara tatu na sauti itakuwa ile ile, tena imeshuka kidogo kwa sababu imesimbwa mara ya pili. Iache.

Swali: Mimi nimetoa sauti ya lugha nyingine kwenye DVD nikaiweka kwenye picha ya Blu-ray. Mwanzo inaenda sawa, baada ya saa moja midomo na maneno havionani kabisa. Nimejaribu -itsoffset wapi.

Jibu: Swali zuri. -itsoffset inatibu tofauti isiyobadilika, mfano sauti iliyotangulia nusu sekunde tangu mwanzo hadi mwisho. Yako inakua. DVD za mfumo wa televisheni wa PAL huenda fremu 25 kwa sekunde, wakati picha ya Blu-ray nyingi ni 23.976, hivyo filamu ile ile kwenye DVD imekimbizwa kama asilimia 4. Kwa kila saa ya Blu-ray mnaachana karibu dakika mbili na nusu. Punguza mwendo wa sauti:

ffmpeg -i sauti.ac3 -af atempo=0.95904 -c:a ac3 -b:a 448k sawa.ac3

Ila sikiliza kwanza. DVD nyingi za aina hiyo zilikimbizwa bila kurekebisha sauti, kwa hiyo waigizaji wanasikika wembamba kidogo. Ikiwa ndivyo, weka "asetrate=46034,aresample=48000" mahali pa atempo. Itapunguza mwendo na kurudisha uzito wa sauti kwa pamoja. Tofauti ndogo itakayobaki mwanzoni ndiyo ya kumalizia kwa -itsoffset.

Swali: Kaka, nimefuata Opus, kwenye kompyuta safi kabisa, nikiweka flashi kwenye televisheni ni picha bila sauti.

Jibu: Televisheni yako haiijui Opus. Tumia AAC au AC-3. Picha usiisimbe tena, -c:v copy inatosha.

Swali: Tukitazama usiku maongezi hayasikiki, tukiongeza sauti mlipuko unaamsha watoto. Kuna dawa?

Jibu: Ipo dada. Tumia ile pan ya hatua ya 5, kisha ndani ya alama za kunukuu ongeza koma na neno dynaudnorm mwishoni. Inainua palipo kimya na kuzuia palipo juu. Lifanye kuwa faili la pembeni, la asili usilifute, maana mchana ukiwa na spika nzuri utaona milipuko imepooza.

Swali: Nyongeza kidogo mkuu, kwenye AC-3 kuna ile -drc_scale, hukuitaja.

Jibu: Kweli. AC-3 hubeba maelekezo yake ya kushusha kelele na kuinua minong'ono, na ffmpeg huyafuata bila kuulizwa. Anayetaka sauti ilivyochanganywa studio aweke -drc_scale 0 kabla ya -i. Ikikaa baada ya -i haifiki kwa kifungua sauti.