Kuitembelea Alpujarra kwa Kufuata Maji: Mwongozo wa Msafiri Atokaye Mombasa

Mkaazi wa Mombasa aliyewahi kutawadha kwenye birika la msikiti wa Mji wa Kale ana ufunguo mmoja wa milima ya Alpujarra kabla hata hajapanda ndege. Huko, kwenye miteremko ya kusini ya safu ya Sierra Nevada nchini Uhispania, hodhi la kuwekea maji ya shamba huitwa alberca, neno lililotokana na Kiarabu al-birka, na mfereji unaolijaza huitwa acequia, kutoka as-saqiya. Zeituni ni aceituna na sukari ni azúcar. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba usianze ziara kwa makanisa wala magofu ya ngome, kama watalii wengi wanavyofanya. Anza kwa maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayoeleza kwa nini vijiji viko pale vilipo na ni akina nani waliovijenga.

Kabla ya hayo yote kuna viza ya Schengen, yaani ya kuingia Uhispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Ubalozi wa Uhispania uko Nairobi, kwa hiyo hesabu mapema siku na nauli za kwenda bara.

Miezi mizuri ya kutembea ni Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Wakati kaskazi inapovuma kwetu, vilele vya kule vimefunikwa na theluji, ambayo huendelea kukaa juu hata vijiji vya chini vinapokuwa vimechanua. Mtu wa pwani asidanganywe na jua la mchana: usiku wa Oktoba, kwenye mwinuko wa mita 1,400, sweta moja haitoshi. Viatu navyo vivaliwe nyumbani kwanza. Mwendo wa siku mbili kwenye vilima vya Taita utakuonyesha mahali vinapobana, ilhali bado uko karibu na fundi wa viatu unayemfahamu.

Ukishafika mjini Granada, panda basi la kwenda Pampaneira kwenye kituo kikuu cha mabasi. Safari huchukua kama saa mbili. Kusini kidogo ya mji, barabara hupita kwenye kipito kiitwacho Suspiro del Moro, ambako masimulizi husema kwamba Boabdil, sultani wa mwisho wa Granada, aligeuka na kuutazama mji wake aliokuwa ameukabidhi tarehe 2 Januari 1492. Mabasi ya milimani ni machache, na hapa nina kisa cha kuungama: niliwahi kulala Capileira usiku mmoja zaidi ya nilivyopanga, kwa sababu niliisoma ratiba ya siku za kazi siku ya Jumapili. Neno laborables kwenye ratiba lina maana ya siku za kazi, na festivos ni Jumapili na sikukuu. Tena saa zao huandikwa hadi 24, hivyo 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Maduka mengi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Nunua maji na mkate asubuhi.

Makao yako yawe kwenye bonde la mto Poqueira, ambako vijiji vitatu vyeupe, Pampaneira, Bubión na Capileira, vimepandana kwenye mteremko mmoja. Kaa Capileira, kilicho juu kabisa kwenye mita 1,436, kisha tenga asubuhi nzima ya kutazama mapaa. Nyumba hizo hazina vigae. Juu ya kuta nene za mawe hulazwa magogo ya mchesnati, juu ya magogo huwekwa mbao au mabamba ya mawe, kisha humwagwa launa, udongo wa kijivu uliotokana na mawe yaliyooza, ambao ukishiba maji hushikamana na kuzuia mvua isipenye. Simama pembeni mwa paa ulitazame kwa karibu: utaona udongo unaong'aa kidogo kama magamba ya samaki, ukingo wa mabamba ya mawe uliochomoza nje ya ukuta, na bomba la moshi la mviringo lililovikwa kofia ya jiwe. Mtu aliyelelewa chini ya dari ya boriti za mikoko na chokaa ataielewa kazi hiyo bila kufafanuliwa. Hali kadhalika tinao, yaani chumba au paa linalovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Ndugu zetu wa Lamu wana neno lake tayari, wikio.

Siku ya pili, teremka kutoka Capileira hadi mtoni. Njia inapita kando ya sakafu za mviringo zilizotandikwa mawe, ambazo zilitumika kupuria nafaka, na inaendelea kati ya matuta yaliyozuiwa kwa kuta zisizo na saruji, mengine yakiwa yamekwisha kuachwa, hadi kwenye madaraja madogo yanayovuka mto. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hapa aliyeshuka ndiye atakayepanda, tena juani, kwa hiyo ondoka mapema na ubakishe nusu ya maji yako kwa ajili ya kurudi. Alama za njia hupakwa rangi kwenye mawe na miti. Nyeupe na nyekundu ni njia ndefu za nchi, nyeupe na manjano ni za masafa mafupi, na msalaba humaanisha kwamba umepotea njia. Miongoni mwa njia ndefu iko moja ya kilomita 300 hivi inayoizunguka safu nzima, nayo imepewa jina la Sulayr, ambalo ndilo jina la kale la mlima huu kwa Kiarabu.

Mahali popote utakapokutana na acequia, ifuate kidogo. Iliyo ya ajabu zaidi ni ile ya aina ya careo, ambayo haikuchimbwa ili kufikisha maji shambani moja kwa moja. Theluji inapoyeyuka, maji huongozwa kwenye miteremko ya juu na kuachwa yazame ardhini kwa makusudi. Husafiri polepole ndani ya mlima, kisha huibuka kwenye chemchemi za chini wakati wa kiangazi, mto ukiwa umepungua. Mlima wenyewe umegeuzwa kuwa birika. Nyingi ya mifereji hii ni ya tangu zama za utawala wa Waislamu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na wakulima na watu wa kujitolea, wamekuwa wakiifukua ile iliyokuwa imezibwa. Usiondoe jiwe wala kibao kilichowekwa mferejini, hata kama unaona ni takataka. Maji hugawanywa kwa zamu, na kibao hicho huenda ni zamu ya mtu.

Hapo ndipo historia inapoeleweka. Wenyeji wa asili, waliobatizwa kwa shuruti baada ya Granada kuanguka, waliitwa Wamorisko. Amri ya mwaka 1567 iliwakataza lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao; mwaka 1568 wakaasi humu milimani chini ya Aben Humeya, na kufikia 1571 walikuwa wameshindwa, wakafukuzwa katika eneo la Granada na kutawanywa sehemu nyingine za nchi. Wakulima kutoka Galicia, León na Castilla waliletwa kuchukua nyumba na mifereji yao. Mfalme aliyeamuru hayo alikuwa Felipe wa Pili, na ndiye huyo huyo, akiwa wakati huo anatawala Ureno pia, ambaye katika enzi yake Ngome ya Yesu ilijengwa kwetu kati ya 1593 na 1596. Ukiitembelea ngome yetu kabla ya kusafiri, utakuwa umekwisha kukutana naye. Baada ya kuyajua haya, magofu ya ngome ya mji wa Lanjarón, iliyotekwa mwaka 1500 na Mfalme Fernando, yule aliyekabidhiwa Granada na Boabdil, yanatosha kutazamwa kwa nusu saa.

Anayetaka kilele yuko Mulhacén, mlima wenye mita 3,479, ambao ni mrefu kuliko yote katika rasi ya Iberia na una jina la baba yake Boabdil. Majira ya joto kuna gari dogo la hifadhi linalowapandisha watu kutoka Capileira hadi karibu mita 2,700, na nafasi huwekwa mapema. Sisi tuliozoea usawa wa bahari tulale kwanza usiku mbili au tatu kijijini. Ukiumwa kichwa na kichefuchefu kikaanza, shuka, mlima hauhami. Namba ya dharura ni 112. Usichume maua yoyote, kwa kuwa hii ni hifadhi ya taifa tangu 1999, na ipo kamomaili ya milimani ambayo haioti kwingineko na inakaribia kutoweka.

Limebaki suala la chakula, ambalo kwa Mwislamu si dogo. Kijiji cha Trevélez kinajulikana Uhispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa hewa ya baridi, na sahani mashuhuri ya Alpujarra imejaa soseji za nyama hiyo. Agiza papas a lo pobre, yaani viazi vilivyopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni, vitunguu na pilipili hoho, pamoja na mayai, kisha sema wazi: sin jamón, yaani bila paja la nguruwe. Lirudie neno hilo hata unapoagiza supu au mboga, kwa sababu wapishi wengi wa kule hawavihesabu vipande vidogo vya jamón kuwa nyama. Kwao hicho ni kiungo tu.