Alumini au kaboni: jinsi ya kuchagua fremu ya baiskeli yako ya kwanza ya mbio

Nimetoka kumsaidia kijana wa Bamburi anunue yake, basi naandika hatua tulizofuata.

Hatua ya 1: Saizi. Fremu isiyokutosha usiichukue, hata ukipewa bure.

Hatua ya 2: Bajeti na uzito. Fremu nzuri ya alumini huizidi ya kaboni uzito kwa nusu kilo hivi. Kutoka Nyali hadi Mtwapa hakuna mlima wa kukufanya uuhisi uzito huo. Utakachohisi ni tairi. Tafuta fremu inayopokea tairi za milimita 28 au zaidi, kisha usizijaze upepo hadi zikawa mawe.

Hatua ya 3: Kukagua kaboni ya mtumba. Hapa usiwe na haraka. Anza na paipu inayobeba kiti: legeza bolti, izungushe, ivute. Paipu ya alumini ndani ya fremu ya kaboni, kwenye hewa yetu ya chumvi, huliwa polepole. Hutoa unga mweupe na kung'ang'ania kabisa. Nimeona fundi akipambana na moja tangu asubuhi hadi alasiri, ikaishia kukatwa kwa msumeno. Muuzaji akisema "itie mafuta tu, itatoka", muachie baiskeli yake.

Ikitoka, ifute fremu ikauke, umulike kwa tochi ukitafuta nyufa: maungio yote, shingo, uma unaoshika gurudumu la mbele, na chini ya ekseli ya pedali. Stika iliyobandikwa mahali pa ajabu, omba ibanduliwe. Kisha gonga taratibu kwa sarafu. Mlio hubadilika kidogo penye unene tofauti, kwa hiyo linganisha kulia na kushoto mahali pale pale. Upande mmoja ukilia mkavu na mwingine ukazubaa, tabaka za kaboni huenda zimeachana. Ukiwa na shaka juu ya uma, usinunue: ukikatika uko kasini, utaangukia uso.

Alumini nayo hupasuka, hasa kwenye maungio, ila nyufa zake ni rahisi zaidi kuonekana.

Hatua ya 4: Uamuzi. Mimi nasema alumini yenye uma wa kaboni, mpya au ya mtumba. Anayejifunza huanguka, na baiskeli yake hurushwa juu ya matatu pamoja na magunia.

Hatua ya 5: Kufunga paipu ya kiti. Paipu ya alumini kwenye fremu ya alumini, paka grisi. Penye kaboni, paka pasti yake maalumu, na ukaze bolti kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kufuata namba iliyoandikwa kwenye fremu. Mara nyingi ni karibu Nm (nyutoni mita) 5. Kila baada ya miezi michache ichomoe paipu, uifute, uipake upya.